Ubongo Hujengwa kwa Kukwea

Binti wa miaka 16 anaanguka darasani. Macho yanageuka juu, mikono inakakamaa, povu linamtoka. Akizinduka hakumbuki lolote. Jioni nyumbani kikao kimeshakaa, na swali ni moja: kapatwa na nini? Shangazi anakumbuka msiba wa mwezi uliopita na jinsi binti alivyolia. Jirani anakumbuka ugomvi wa mpaka wa shamba. Mwingine anauliza alikula kwa nani. Kila mmoja anapekua mambo ya juzi na jana, maana tumezoea kwamba ugonjwa wa leo umeingia jana.

Kwa baadhi ya mabinti wa aina hiyo, chanzo kina umri mkubwa kuliko binti mwenyewe. Mama yake alikuwa na mimba ya miezi mitatu, minne hivi. Kundi la seli changa za neva lilitakiwa liondoke mahali lilipozaliwa, ndani kabisa ya ubongo, lipande hadi juu. Halikuondoka. Halikufa wala halikuoza. Lilibaki kando ya chemba za maji zilizo katikati ya ubongo, likakomaa, likaota matawi, likaanza kupelekeana umeme na majirani likiwa mahali pasipo pake. Miaka ikapita kimya. Ujana ulipoingia, umeme ule ukageuka kifafa.

Niseme mapema: kifafa kingi cha kwetu hakitokani na hilo. Uchunguzi uliofanywa Kilifi, Ifakara, Iganga na kwingineko Afrika umeonyesha uzito wa matatizo ya wakati wa kujifungua, majeraha ya kichwa na vimelea. Wale ambao seli zao zilibaki njiani ni wachache. Nimewachagua kwa sababu kisa chao kinaonyesha jambo ambalo mipango yetu ya afya ya mama na mtoto bado haijalizingatia vya kutosha: ubongo una ratiba ya safari, na ratiba hiyo haisubiri kadi ya kliniki.

Tukifikiria ubongo wa mtoto aliye tumboni, wengi wetu hufikiria boga. Linaanza dogo, linanenepa, kila upande ukijaa pale pale ulipo. Mambo hayako hivyo. Gamba la ubongo, lile tabaka la juu lenye mikunjo tunalolitumia kusema, kuhesabu na kukumbuka wanaotudai, lina seli za neva zipatazo bilioni 16 kati ya bilioni 86 za ubongo wote. Hesabu hiyo ilitolewa mwaka 2009 na watafiti wa Brazil, Suzana Herculano-Houzel akiwa miongoni mwao, kwa njia ambayo mpishi yeyote angeielewa: waliuponda ubongo ukawa mchuzi, wakaukoroga sawasawa, wakachota kidogo na kuhesabu viini vya seli. Na katika bilioni hizo 16, ni vigumu kupata moja iliyozaliwa pale inapoishi. Karibu zote ni wahamiaji. Zilizaliwa chini, kwenye kingo za chemba za maji au jirani yake, zikasafiri. Kwa binadamu kilele cha safari hiyo ni kati ya wiki ya 12 na ya 20 ya mimba.

Ilijulikanaje, wakati hakuna aliyeweza kuchungulia ndani ya kijusi kilicho hai? Kwa muhuri. Mwaka 1961 Jay Angevine na Richard Sidman wa Boston walichapisha kazi waliyoifanya kwa panya. Walimdunga panya mwenye mimba thaimidini iliyotiwa mionzi hafifu, kitu ambacho seli hukichukua pale tu inapojigawa. Seli iliyozaliwa siku hiyo ilibaki na alama maisha yake yote, kama mtu aliyepigwa muhuri wa tarehe ya kuzaliwa kwenye paji la uso. Kisha ilikuwa kazi ya kusubiri na kutazama kila tarehe imeishia wapi. Matokeo yalikuwa kinyume cha mazoea. Waliozaliwa mwanzo walikaa chini, na waliozaliwa mwisho walikuwa juu kabisa. Kwa hiyo kila kizazi kipya kilipita katikati ya kaka na dada zake waliokwisha kutulia, kikaenda kujenga ghorofa juu ya vichwa vyao.

Kupita huko kote, gizani, bila kupotea, kulihitaji njia. Njia ilionekana mwaka 1972, na aliyeiona ni Pasko Rakic, daktari mzaliwa wa Yugoslavia aliyekuwa akifanya kazi Marekani. Alikata vipande vyembamba vya ubongo wa vijusi vya kima, akavitazama kwa hadubini ya elektroni, akakuta nyuzi ndefu zilizonyooka kutoka kingo za chemba hadi ngozi ya juu ya ubongo. Seli changa zilikuwa zimezikumbatia.

Mtu wa pwani hahitaji mchoro hapo. Ni mkwezi kwenye mnazi. Hata mwendo wenyewe ni ule ule: mkwezi hutupa mikono juu, hukumbatia shina, ndipo huvuta mwili na miguu. Seli nayo hutanguliza mkono mmoja mwembamba juu ya uzi, hushika, kisha kiini chake, ambacho ndicho mzigo mzito, huvutwa kufuata. Inatulia. Inatanguliza tena. Na hata vidato vipo, nikimaanisha vidato vya asili, yale mapengo yaliyochongwa kwenye shina ili mguu upate pa kukanyaga kabla neno halijahamia shuleni. Kwenye uzi wa ubongo kazi hiyo hufanywa na protini za kushikamana. Ila mnazi huu ni mrefu kupita kiasi. Mwili wa seli una kama sehemu ya mia moja ya milimita, na safari katika ubongo wa binadamu huweza kufika milimita kadhaa. Ukimpa mkwezi wa kawaida uwiano huo, unampandisha mnazi wa zaidi ya nusu kilomita, tena kwa mwendo wa takriban urefu wa mwili wake kwa saa.

Kwa karibu miaka 30 wataalamu walizichukulia nyuzi hizo, za seli ziitwazo glia, kama jukwaa la mafundi: likimaliza kazi linabomolewa. Mnamo mwaka 2000 na 2001 ikathibitika kwamba seli zenye nyuzi hizo ndizo zinazozaa seli za neva. Mnazi ndio unaomzaa mkwezi, kisha unampa mgongo apande. Sijui fumbo la Kiswahili linalokaribia hilo, na sitajaribu kulitunga.

Mvuto ule wa kiini una injini. Ndani ya seli kuna reli za protini na mota ndogo zinazotembea juu yake, na mojawapo ya vipuri vya mota hizo hutengenezwa na jeni iliyopewa jina LIS1, iliyopatikana mwaka 1993 kwenye kromosomu ya 17. Mtoto akikosa nakala moja inayofanya kazi kati ya mbili alizopaswa kuwa nazo, seli nyingi hazifiki juu. Gamba la ubongo linakuwa nene lakini laini, bila mikunjo, kama yai lililomenywa. Ulemavu wake ni mkubwa, na degedege huanza mapema. Mwaka 1995 ikagundulika kwamba kuvu iitwayo Aspergillus nidulans, ndugu wa ile inayotia sumukuvu kwenye mahindi yetu, ina jeni ya ukoo huo huo, nayo huitumia kusogeza viini ndani ya nyuzi zake. Kipuri kilichokuwa kikisukuma viini vya ukungu ndicho kinachokwamua mawazo ya mwanadamu. Nikiisoma habari hiyo, kujisifu kwetu wanadamu huniishia kidogo.

Lakini nimwache mtoto huyo, nirudi kwa binti wa darasani, kwa sababu hali yake ina ukatili wa aina nyingine, nao unatuhusu zaidi.

Mwaka 1998 jeni mbili zilipatikana karibu wakati mmoja, zote zikiwa kwenye kromosomu X. Ya kwanza, DCX, inahusika na kuimarisha zile reli. Ya pili, FLNA, hutengeneza protini inayofunga pamoja nyuzi za ndani zinazoipa seli umbo na nguvu ya kusukuma. Mwanamke ana X mbili, na mapema sana katika kiinitete kila seli yake huzima moja na kubaki na nyingine, kwa bahati nasibu. Kwa hiyo binti aliyerithi X moja yenye kasoro anakuwa na ubongo wa makundi mawili: seli zilizobaki na X nzima zinakwea, na zilizobaki na X mbovu zinakwama. Kwa DCX zinakwama katikati ya njia na kuunda tabaka la pili chini ya gamba halisi, mtu akawa na magamba mawili. Kwa FLNA zinabaki mwanzo kabisa wa safari, zikipanga mstari wa vinundu kando ya chemba za maji. Wengi wa wanawake hawa wenye kasoro ya FLNA wana akili timamu kabisa. Wanasoma, wanafanya biashara, wanazaa. Mara nyingi dalili inayowafikisha hospitali ni kifafa kinachoanza ujanani au baadaye kidogo.

Mvulana ana X moja tu. Akirithi DCX yenye kasoro, ubongo wake unakuwa laini. Akirithi FLNA yenye kasoro kubwa, mara nyingi hazaliwi akiwa hai, au hafi mbali na siku ya kuzaliwa.

Sasa litazame jambo hilo kwa macho ya kijijini. Mwanamke ana kifafa. Ameolewa hata hivyo, pengine kwa kuficha. Mimba zinatoka, na zinazofika ni za wasichana. Baadaye mmoja wa wasichana hao anaanguka darasani. Mtu yeyote anayependa kuunganisha mambo ataunganisha, na atakachopata ni mkosi wa ukoo, jini mahaba, au laana ya bibi. Mpangilio upo kweli, hajaukosea. Amekosea tu kuuita kwa jina la mtu. Kinachofanya kazi pale ni protini isiyofunga vizuri nyuzi zake, na hakuna aliyeitia hapo. Kwa wagonjwa wengi kasoro ni mpya, haikuwepo kwa mama wala kwa baba. Kulijua hili kungempa mwanamke yule vitu viwili ambavyo hospitali ya wilaya inaweza kutoa hata bila mashine ya MRI, ambayo kwetu iko kwenye hospitali chache kubwa: dawa za kifafa anazomeza kila siku bila kukatiza, na mtaalamu wa kumwambia mbele ya mumewe na mama mkwe kwamba hakufanya kosa. Cha pili hakina bei, na ndicho adimu zaidi.

Hapo nasita, maana nimeshaanza kuandika kana kwamba kila seli isipokaa penye alama ya chaki balaa linafuata. Yupo panya anayekataa hilo. Mwaka 1951, huko Edinburgh, Douglas Falconer alieleza panya waliokuwa wakiyumba kama walevi. Ubongo wao ulipochunguzwa baadaye, tabaka za gamba zilikuwa kama zimepinduliwa, wa juu chini na wa chini juu, maana wageni walishindwa kuwapita wenyeji. Mwaka 1995 jeni yao ilipatikana, na protini yake ikaitwa reelini. Huachiliwa na seli za utangulizi zilizoko ukingoni kabisa mwa gamba, zile ambazo Santiago Ramón y Cajal wa Hispania alizichora tangu karne ya 19 bila mtu kujua kazi yake. Wakwezi wa panya hao wazima, mnazi mzima, lakini ile ishara ya juu haipo. Cha ajabu ni kilichoonekana mwanzoni mwa miaka ya 1980: katika eneo la kuona la panya hao, seli nyingi zilifanya kazi yake karibu kama kawaida. Zilikuwa zimepangwa ovyo, lakini nyaya zilizotoka machoni zilizitafuta huko huko ziliko na kuzipata. Kuyumba kwao kunatokana zaidi na ubongo mdogo wa nyuma, unaotawala mizani ya mwili.

Kwa hiyo anwani yenyewe si kitu kitakatifu. Ninavyolielewa mimi, kinachomwokoa panya huyu ni kwamba jamaa zake wote wamehama pamoja na bado wanaonana. Kinachomponza binti wa darasani ni kundi dogo lililotengwa, likizungumza na lisiowajua. Wapo watafiti wanaopenda kusema kwamba ubongo ni ramani. Panya wa Edinburgh ananifanya niuone zaidi kama mtandao wa jamaa.

Wapo pia wahamiaji wasiokwea kabisa. Kama seli moja kati ya tano au nne za gamba la ubongo ni za kutuliza. Kazi yake ni breki. Zamani ilidhaniwa kwamba nazo huzaliwa chini ya gamba na kupanda moja kwa moja. Mwaka 1997 kundi la John Rubenstein huko California lilionyesha kwa panya kwamba nyingi hutoka mbali, kwenye vilima vya seli vilivyoko sakafuni mwa ubongo mchanga, na kuja kwa kukatiza pembeni. Breki zinatengenezwa wilaya nyingine na kuletwa kwa gari lililokwisha kuwashwa. Zikichelewa au zikija pungufu, kila abiria wa daladala anaweza kubashiri kitakachotokea. Vilima hivyo ndivyo pia vyenye mishipa dhaifu ya damu kwa watoto njiti, na damu inayovujia humo wiki ya 24 au ya 28 humwagika mahali ambapo wasafiri bado wanaondoka.

Safari ninayoipenda kuliko zote lakini haianzii ubongoni. Inaanzia puani. Mwaka 1944 Franz Kallmann, daktari wa akili aliyetoka Ujerumani kwenda Marekani, alieleza familia tatu zenye watu waliokosa vitu viwili visivyoonekana kuwa na undugu: hawakusikia harufu, na hawakubalehe. Mwanamume wa miaka 25 ana sauti ya mtoto, hana ndevu, na ukimnusisha karafuu au samaki aliyeoza ni yale yale. Undugu wa mambo hayo mawili ulijulikana mwaka 1989. Seli zinazoamuru balehe, zile zinazotoa homoni ya kuamsha tezi iliyo chini ya ubongo, huzaliwa kwenye kitako cha pua cha kiinitete na kuingia ubongoni kwa kufuata nyuzi za kunusa. Hazizidi elfu chache. Katika kijusi cha wiki 19 chenye ugonjwa huo, watafiti walizikuta zimekwama karibu na mfupa unaotenga pua na ubongo, hazikuvuka. Nyuzi za kunusa hazikufika, na waliotegemea njia hiyo hawakufika.

Homoni za kumtibu mtu huyo zipo, na wengi hupata hata watoto. Lakini fikiria ni wangapi wameishi na kufa wakiitwa majina barazani, wakinyweshwa supu ya pweza na mizizi ya kila aina, bila mtu kuwauliza swali dogo kabisa: je, unasikia harufu ya hicho unachokunywa?

Nimesema ratiba. Ushahidi wake mkali kuliko wote ulitokana na uovu wa watu. Watoto waliokuwa matumboni Hiroshima na Nagasaki mwezi Agosti 1945 walifuatiliwa kwa miaka mingi, na mwaka 1984 Masanori Otake na William Schull walichapisha uchambuzi wa umri wao wa mimba siku ya bomu. Ulemavu mkubwa wa akili ulijazana kwa wale waliokuwa na wiki 8 hadi 15. Kabla ya wiki ya 8 haukuonekana. Baada ya 15 ulipungua sana. Mionzi ni ile ile, mji ni ule ule. Kilichotofautiana ni hatua ya safari.

Zika nayo imefunza somo la namna hiyo. Kirusi hicho kilipatikana kwanza mwaka 1947 katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, kwa kima aliyewekwa kwenye tundu ili kuvizia homa ya manjano. Kwa miaka karibu 70 hatukukijali, mpaka Brazil ilipoanza kuona watoto wenye vichwa vidogo mwaka 2015. Kirusi hupenda kuingia zile seli za glia. Mkwezi hana kosa, mnazi umekatwa.

Mabomu na milipuko ni mambo ya nadra. Jambo la kila siku ni chumvi.

Homoni ya tezi ya shingo ni miongoni mwa vitu vinavyoongoza seli zinazokwea, na homoni hiyo haitengenezwi bila madini joto. Tezi ya kijusi chenyewe haitoi cha maana mpaka karibu wiki ya 18 hadi 20. Kwa hiyo sehemu kubwa ya safari inaendeshwa kwa homoni ya mama peke yake. Watafiti wa Hispania walionyesha kwa panya, mwaka 2003 na 2004, kwamba mama akipungukiwa kidogo tu, pungufu ambalo lingepita bila yeye kuonekana mgonjwa, seli za watoto wake hukutwa kwenye tabaka zisizo zake. Katika jaribio mojawapo pungufu hilo lilidumu siku 3 tu.

Tanzania tunalijua tatizo la madini joto kwa sura yake ya nje, rovu. Ukinga na Nyanda za Juu Kusini palikuwa na vijiji ambavyo shingo zilizovimba zilionekana kama sehemu ya umbile la watu. Katikati ya miaka ya 1980 serikali ilianza kugawa vidonge vya mafuta yenye madini joto, na katikati ya miaka ya 1990 ikaja sheria ya kutia madini hayo kwenye chumvi. Ninaihesabu miongoni mwa sera zetu bora, na sababu yangu haihusiani na shingo. Ni sera inayomfikia mwanamke kabla hajajua kwamba ana mimba.

Linganisha na mengine. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, linataka hudhurio la kwanza la kliniki liwe kabla ya wiki ya 12. Wengi wa wajawazito wetu hufika baada ya hapo, wengine mwezi wa tano. Wanapewa vidonge vya FEFO. Madini chuma yaliyomo yanasaidia damu, vizuri. Asidi ya foliki iliyomo, kwa upande wa kuzuia mgongo wazi, imechelewa miezi mitatu au minne, maana mfereji wa uti wa mgongo hujifunga karibu siku ya 28. Anaambiwa aache pombe, na kwa baadhi ya seli ushauri huo umewakuta wamekwisha kufika au wamekwisha kupotea. Nesi anayesema hayo hana kosa. Anafanya kazi kwa kalenda aliyopewa, na kalenda hiyo inaanza pale mama anapofungua mlango wa kliniki. Kalenda ya seli ilianza zamani.

Ningekuwa na sauti kwenye bajeti ya afya, kila mpango unaodai kuusaidia ubongo wa mtoto ningeuuliza swali moja: unamfikia mama wiki ya ngapi? Vitabu vya kusomea watoto, redio za watoto, shule za awali, vyote vina kazi yake, na sivibezi. Hata baada ya kuzaliwa baadhi ya seli za breki huendelea kusafiri kuelekea sehemu ya mbele ya ubongo kwa miezi ya mwanzo, kama ilivyoonyeshwa mwaka 2016. Lakini vinavyoweza kufika wiki ya 6 ni vile visivyohitaji miadi: chumvi, unga, mafuta ya kupikia. Unga ulioongezwa virutubishi unatoka kwenye viwanda vikubwa, wakati walio wengi wanakula sembe ya mashine ya mtaani. Chumvi ndiyo iliyokaribia kuingia kila jiko, nayo inavuja. Wazalishaji wetu wadogo wa pwani ni wengi, na kuwapelekea kemikali na kuwapima ni kazi ngumu. Ndiyo maana, kwa kejeli, baadhi ya maeneo yaliyo karibu na mashamba ya chumvi ndiyo yaliyokuwa yakila chumvi tupu zaidi. Uchunguzi uliofanywa Unguja na Pemba miaka ya 2000 uliwatoa watu kwenye dhana kwamba anayekula samaki hapungukiwi. Upungufu ulikuwepo, hasa Pemba.

Na iliyotiwa madini nayo ina adui: jua, unyevu na kukaa wazi. Dukani kwa Mangi, pale njiani kwetu, kuna pakiti zilizofungwa zenye nembo, na kuna kiroba kilichofunguliwa mdomo, kimewekwa nje tangu asubuhi, kinauzwa kwa kikombe. Kikombe ni rahisi kuliko pakiti. Dada mmoja ananunua vikombe viwili, anamimina kwenye mfuko wa nailoni, analalamikia bei ya vitunguu na kuondoka. Mzunguko wake umechelewa wiki mbili. Anadhani ni uchovu.